MTOTO MWENYE ULEMAVU SHULENI: KUANDIKISHWA SI KUSOMA



Kila Januari shule zetu za msingi, kuanzia mjini Moshi hadi zile za juu zinazopakana na msitu wa mlima, hupokea watoto wapya. Siku hizi miongoni mwao wamo wenye ulemavu, jambo ambalo wazee wetu hawakuliona mara kwa mara. Hilo ni jema, na tunawapongeza wazazi na walimu waliolifanikisha. Lakini sisi tunaotembelea familia majumbani tumeona jambo linalotutia wasiwasi. Wengi wa watoto hao huandikishwa, husoma mwaka mmoja au miwili, halafu hupotea kimya kimya. Jina hubaki katika daftari la mahudhurio, na mtoto yuko nyumbani.

Siku moja, ilikuwa siku ya shule, tulimkuta msichana wa darasa la tano ameketi jikoni akimenya ndizi. Miguu yake ni dhaifu tangu kuzaliwa, naye hutembea kwa magongo. Mama yake alitupokea vizuri, akatuambia, "Masista, masomo yamemshinda mwanangu. Basi, anisaidie kazi hapa nyumbani." Tukaomba kuona madaftari. Alama zake zilikuwa nzuri. Masomo hayakumshinda hata kidogo.

Tukakaa na binti mwenyewe, pembeni, chini ya migomba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema. Choo cha shule kina ngazi tatu. Ndani hakuna mahali pa kushika, na masika yakianza sakafu huteleza. Aliwahi kuanguka humo, wenzake wakiwa nje wanangoja zamu. Tangu siku hiyo alikuwa hanywi chai asubuhi wala maji mchana, mpaka arudi nyumbani alasiri. Kichwa kikawa kinamwuma. Mkojo ukawa unamchoma. Mwishowe akaacha kwenda.

Ngazi tatu ndizo zilizomtoa shuleni. Mama hakujua, kwa sababu binti aliona aibu kusema. Mwalimu hakujua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Nasi wa zahanati tulimpa dawa ya mkojo mara mbili bila kuuliza kwa nini ugonjwa unarudi. Sote tulikuwa na kosa.

Somo letu la mwezi huu ni hilo. Mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hashindwi shule kwa sababu ya ulemavu wenyewe. Hushindwa kwa mambo madogo ambayo nyumbani, shuleni na zahanati wangeweza kuyarekebisha kama wangezungumza pamoja.

SHERIA INASEMA NINI?

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba shule ikimpokea mtoto wao imewafanyia hisani. Sivyo. Ni haki yake.

Mwaka 1994 wajumbe wa serikali nyingi za dunia walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida zifungue milango kwa watoto wote, pamoja na wenye ulemavu. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka huo huo Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, inayotambua haki yao ya kusoma pamoja na wengine. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali za msingi hadi kidato cha nne.

Wala tusidhani jambo hili linawahusu watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu 1 kati ya 10, miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, ana ugumu wa namna fulani katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Katika jumuiya yenye kaya ishirini ni vigumu kukosa familia inayohusika. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika: leo ni mtoto wa jirani, kesho ni mimi na goti langu.

SHULE ZA NAMNA TATU

Yafaa mzazi ajue tofauti.

Kwanza kuna shule maalum, zinazopokea watoto wa ulemavu mmoja, na mara nyingi huwa za bweni. Katika mkoa wetu inajulikana Shule ya Viziwi Mwanga, iliyoanzishwa na ndugu zetu Walutheri wa Dayosisi ya Pare.

Pili kuna vitengo: darasa la elimu maalum ndani ya shule ya kawaida, lenye mwalimu wake. Watoto huwa na masomo yao, lakini hucheza, hula uji na hupanga mstari pamoja na wenzao. Hali kadhalika zipo shule za mchanganyiko, kama Shule ya Msingi Mwereni hapa mjini Moshi, ambako wasioona na wenye ualbino wamesoma pamoja na wanaoona.

Tatu ni shule jumuishi, yaani shule ya kijiji inayompokea mtoto katika darasa la kawaida na kujirekebisha ili imfae.

Hatusemi kwamba namna moja inamfaa kila mtoto. Mtoto asiyesikia kabisa anahitaji Lugha ya Alama, na lugha haijifunzwi na mtu aliye peke yake. Akiwekwa katika darasa ambalo hakuna ajuaye alama hata moja, atakaa miaka yote ya shule ya msingi akitazama midomo ya watu. Kwa mtoto huyo shule ya viziwi, yenye walimu na wenzake wanaozungumza lugha yake, yaweza kuwa bora, na wazazi nao wajifunze alama ili likizo isiwe miezi ya ukimya. Lakini wako watoto wengi wanaopelekwa mbali, au kuwekwa nyumbani wakingoja nafasi ya mbali, ambao wangeweza kusoma hapo karibu. Hao ndio tunaowazungumzia.

ANZENI NA MASIKIO

Mvulana mmoja wa darasa la tatu alifahamika shuleni kuwa mvivu na mkaidi. Akiitwa hageuki. Akiulizwa hujibu jambo jingine. Alikuwa amechapwa mara nyingi. Tulipomchungulia masikio, yote mawili yalikuwa yakitoa usaha, na mama akasema yalianza alipokuwa hajaanza kutembea.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba sehemu kubwa ya upungufu wa kusikia kwa watoto, kama asilimia 60, unaweza kuzuiwa. Usaha wa sikio ni sababu mojawapo kubwa. Kwa hiyo kabla hujasema mtoto hana akili, mpime. Simama nyuma yake hatua tatu au nne, asikuone, uite jina lake kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine. Asipogeuka, mpeleke hospitali.

Sikio likitoa usaha likaushwe mara tatu kwa siku. Sokota kitambaa safi cha pamba kama utambi, kiingize taratibu mpaka kilowe, kitoe, uweke kingine, mpaka kitoke kikavu. Usiache utambi ndani. Usitie mafuta, maji ya majani wala maziwa ya mama. Usaha ukizidi wiki mbili, mtoto aonwe na daktari, kwani ugonjwa sugu wa sikio huweza kula mfupa na kufika kichwani.

Darasani, mtoto anayesikia kidogo akae mbele, upande ambao sikio lake zima linamwelekea mwalimu. Mwalimu amtazame anaposema, asiseme huku akiandika ubaoni. Mvulana wetu alipata tiba, usaha ukakauka, sikio moja likabaki zito. Lakini kuhamishwa dawati tu kulimfanya ajibu maswali muhula huo huo.

MACHO, NA WATOTO WENYE UALBINO

Dalili za macho ni rahisi kuziona. Mtoto huinuka kwenda karibu na ubao, huinamia daftari mpaka pua ikaribie kugusa, hufinya macho, au hunakili vibaya kutoka ubaoni huku akijibu vizuri kwa mdomo. Wapo wazazi wanaokataa miwani wakidhani itaharibu macho. Haiharibu. Mtoto aliyepimwa akaandikiwa miwani aivae, na wenzake wakatazwe kumcheka.

Jambo moja halingoji. Ukiona weupe katikati ya mboni ya jicho la mtoto, au ukaona jicho moja linang'aa kama la paka kwenye mwanga, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye akiondolewa mapema huokoa uoni. Yaweza pia kuwa kansa ya jicho, ambayo ikicheleweshwa huua. Hospitali ya KCMC, iliyo hapa Moshi tangu mwaka 1971, ina idara ya macho.

Mtoto mwenye ualbino ana mahitaji mawili, ngozi na macho. Jua la huku juu hudanganya kwa sababu kuna ubaridi, lakini huunguza vilevile, hata siku ya mawingu. Avae kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule ni mikono mifupi; mzazi aombe ruhusa hiyo kwa mwalimu mkuu mapema. Gwaride, michezo na kazi za shamba la shule afanye asubuhi au kivulini. Apakwe mafuta ya kukinga jua. Mafuta yaitwayo Kilisun yalianza kutengenezwa hapa hapa KCMC kwa ajili yao. Kidonda cha ngozi kisichopona kionwe na daktari bila kungoja.

Macho yake huwa hafifu, na miwani husaidia kwa sehemu tu. Lakini wengi wao si vipofu. Huweza kusoma maandishi ya kawaida wakiyasogeza karibu, au maandishi makubwa. Akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na aruhusiwe kwenda hadi ubaoni. Rafiki wa dawati moja anayemsomea yaliyoandikwa ubaoni ni msaada usiogharimu hata senti.

Kwa asiyeona kabisa kuna nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole. Hayo yanahitaji mwalimu aliyefundishwa, na ndiyo maana wengi huanzia katika shule yenye kitengo.

MIGUU, NJIA NA CHOO

Mlima wetu ni mzuri kuutazama, lakini ni mgumu kwa mwenye magongo. Njia ni za miinuko, na kuanzia Machi hadi Mei ni utelezi mtupu. Mzazi akague mpira ulio chini ya gongo. Ukiisha, gongo huteleza. Fundi viatu anaweza kukata mwingine kutoka katika tairi la gari. Watoto wakubwa wa jirani wapangwe zamu ya kubeba mfuko wa madaftari. Asiwe ndugu mmoja tu, kwani ndugu huyo naye huchoka, akaanza kuchelewa shule, na mwisho watoto wawili hukosa masomo.

Kiti cha magurudumu kisichukuliwe kwa kuwa tu kimepatikana bure. Kikiwa kikubwa mno humpinda mtoto mgongo, na kwenye mteremko huwa hatari. Apimwe na wataalamu. Katika eneo la KCMC kuna chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutembelea kutoka nchi nyingi za Afrika. Tuna bahati ya kuwa nacho mlangoni petu.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huenda hasikii maumivu makalioni na miguuni. Ajifunze kujiinua kwenye kiti kila baada ya muda mfupi, na jioni mama akague ngozi yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda mikono ikatetemeka na maneno yakatoka kwa taabu huku akili yake ikiwa timamu kabisa. Mwalimu ampe muda wa kujibu, na pengine ajibu kwa mdomo badala ya kuandika.

Na choo. Ndugu msomaji, tukiulizwa ni kitu gani kimoja cha kuangalia katika shule, tungesema choo. Je, kuna mteremko badala ya ngazi? Kuna mahali pa kushika? Mlango unafungika? Kuna maji? Msichana aliyevunja ungo anahitaji hayo zaidi. Mtoto anayejizuia mkojo na kuacha kunywa maji kutwa nzima hupata maambukizo katika njia ya mkojo, na yakirudi mara kwa mara huweza kuharibu figo.

KIFAFA SI UGONJWA WA KUAMBUKIZA

Watoto wengi wenye kifafa wana akili za kawaida, lakini hutolewa shuleni kwa hofu. Watu huogopa povu, wakidhani linaambukiza. Haliambukizi. Utafiti uliofanywa hapa kwetu wilayani Hai ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakitumia dawa. Hiyo ni huzuni, kwani dawa zipo, na wengi wanaozitumia kila siku bila kuruka hukaa miezi au miaka bila kuanguka.

Mtoto akianguka darasani, mwalimu afanye hivi: aondoe madawati na vitu vigumu, aweke sweta chini ya kichwa, alegeze kola, na degedege likitulia amgeuze ubavu. Asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Asimshike kwa nguvu. Aangalie saa. Likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Akizinduka alale kidogo, kisha arudi darasani. Asirudishwe nyumbani kila mara, maana atakosa masomo mengi kuliko ugonjwa unavyodai.

Nyumbani, asiachwe peke yake karibu na moto wa mafiga, wala asitumwe peke yake kuchota maji kwenye mfereji.

ANAYEELEWA POLEPOLE

Zamani tuliwaita majina ambayo leo hatuyarudii hapa. Tuseme mtoto mwenye ulemavu wa akili, au mwenye usonji. Mtoto huyu hujifunza, ila kwa hatua ndogo na kwa kurudia. Apewe kazi moja kwa wakati mmoja. Badala ya kumwambia "jiandae kwenda shule", mwambie "vaa shati". Akimaliza, "vaa viatu". Kuhesabu ajifunze kwa ndizi, mayai na chenji ya dukani. Mwenye usonji huenda akasumbuliwa na kelele na mabadiliko ya ghafla. Akijulishwa mapema kinachokuja hutulia.

Wengine watasoma katika kitengo, wengine katika darasa la kawaida kwa masomo fulani. Tusipime mafanikio yao kwa mtihani wa darasa la saba peke yake. Mtoto aliyeingia shuleni hajui kujisafisha, akatoka anajua kuandika jina lake, kununua sukari na kurudi na chenji sahihi, amesoma.

MZAZI AZUNGUMZE NA MWALIMU NAMNA GANI?

Mwalimu ana watoto sitini au zaidi katika chumba kimoja. Ukimwendea na malalamiko kumi, hatajua aanze na lipi. Sisi huwashauri wazazi waende na karatasi moja yenye mambo matano:

1. Mtoto wangu anaweza nini. (Anza na hili.)

2. Jambo gani humshinda, na nyumbani tunafanyaje.

3. Dawa anazotumia na saa zake.

4. Ikitokea dharura ufanye nini, na namba ya simu ya mzazi.

5. Jambo moja tu ninaloomba muhula huu.

Karatasi hiyo ibaki na mwalimu wa darasa, na nakala kwa mwalimu mkuu. Kumbukeni kwamba kila Januari mwalimu wa darasa hubadilika. Yote mliyokubaliana mwaka jana hayajui. Nendeni tena. Tumeona mtoto aliyekaa mbele vizuri mwaka mzima, akapanda darasa, akajikuta dawati la nyuma kwa sababu mwalimu mpya alipanga watoto kwa urefu.

Shule ikisema haiwezi kumpokea, usirudi nyumbani ukanyamaza. Muulize mwalimu mkuu kwa upole anakosa nini hasa. Kama jibu halipatikani, nenda kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa elimu maalum wa halmashauri. Wao ndio wanaojua kitengo kiko wapi, na mwalimu gani amesomea elimu hiyo katika chuo kama Patandi, kule Tengeru. Na mtoto akifika darasa la mitihani, mkumbusheni mwalimu mkuu mapema aandikwe kwa ulemavu wake. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huongeza muda, lakini lazima lijulishwe.

Baba naye aende. Mara nyingi tunamwona mama peke yake, kama kwamba mtoto ni wake binafsi. Wapo hata mama wanaolaumiwa kwamba wameleta mkosi katika ukoo. Ulemavu hausababishwi na laana. Huja kwa homa ya utotoni, kwa uzazi uliochelewa, kwa kurithi kutoka pande zote mbili, kwa ajali, na pengine bila sababu inayojulikana. Baba akiingia ofisini kwa mwalimu pamoja na mama, mtoto huyo huonekana kwa macho mengine.

WAMEWEZA

Wengine huuliza, "Akisoma itamsaidia nini?" Tuwakumbuke watu kama marehemu Dk. Elly Macha. Alikuwa haoni. Alisoma mpaka akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na utafiti wake ulihusu elimu ya wanawake wenye ulemavu hapa Tanzania. Akawa mbunge wa viti maalum mwaka 2015, hadi alipofariki mwaka 2017. Si kila mtoto atakuwa daktari wa falsafa au mbunge, awe na ulemavu au asiwe nao. Lakini hakuna ajuaye ni nani atakuwa, akiwa bado jikoni anamenya ndizi.

JUMUIYA INAWEZA KUFANYA NINI?

Turudi kwa binti yetu. Mama yake alipojua sababu, alilia, kisha akafunga kanga vizuri akaenda shuleni. Mwalimu mkuu hakubisha. Alisema hana fungu la kujenga choo kipya, na ilikuwa kweli. Jambo likafika kwenye jumuiya. Mmoja akatoa mifuko miwili ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wake, mwingine akaleta mchanga, fundi bomba akatoa vipande vya bomba la chuma. Jumamosi mbili wanaume walifanya kazi. Ngazi tatu zikawa mteremko. Ukutani yakawekwa mabomba ya kushika. Seremala akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kinachoweza kuoshwa.

Binti alirudi muhula wa pili. Alirudia darasa la tano, na jambo hilo lilimwuma. Masika bado humkosesha siku kadhaa, na mlima haujapungua. Lakini siku hizi anakunywa chai asubuhi, na mkojo haumchomi tena. Mwalimu mmoja mzee mwenye maumivu ya magoti alituambia kwamba mabomba yale yamemsaidia yeye pia, ila aliona haya kuyaomba.

Basi, wapendwa, tusisubiri mradi mkubwa kutoka mbali. Wiki hii mwulize mtoto wako, au wa jirani, swali ambalo sisi tulichelewa kuliuliza: "Shuleni ni kitu gani kinachokupa shida?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kaya zetu, ni watoto wangapi wenye ulemavu wenye umri wa kwenda shule? Wangapi wanakwenda kila siku?

2. Nani atakwenda kukitazama choo cha shule yetu, na lini?

3. Je, yuko mtoto tunayemwita mvivu au mzito ambaye hajapimwa masikio na macho?

4. Ni njia gani, kati ya nyumba na shule, tunayoweza kuitengeneza kabla ya masika?